Shangazi wa Maabara: Taifodi kila mwezi, rozela, na mashine ya kushika chuma

Safari hii nimezikusanya barua za karatasi za majibu. Zimenizidi. Wengi mnanitumia picha ya karatasi tupu, bila umri, bila kusema ni mwanamke au mwanamume, bila kusema mlikwenda hospitali mkiumwa nini, halafu mnataka Shangazi aseme neno. Nimefanya kazi maabara hadi nimestaafu, lakini namba peke yake hainiambii kitu. Na tafadhali futeni jina na namba ya faili kabla ya kutuma. Jingine: mimi ni mtu wa maabara. Naweza kukueleza namba imepatikanaje na inaelekea wapi, ila dawa ataandika daktari.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kondakta wa daladala, miaka 31, naishi Mbagala. Tangu Januari nimekutwa na taifodi mara nne. Kila mwili ukichoka na kichwa kikigonga naenda maabara iliyo jirani na kituo, napima, naambiwa "taifodi ipo, 1:80, na malaria wadudu wawili". Nachomwa sindano, napewa sipro na dawa mseto. Wiki mbili tatu niko sawa, halafu inarudi. Nifanyeje hii taifodi itoke kwenye damu? Rafiki yangu anasema inajificha kwenye nyongo.*
*Konda, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Kwa hayo uliyoandika, sina sababu ya kuamini kwamba umeugua taifodi mara nne. Inawezekana hujaugua hata mara moja.

Ulichopimwa ni Widali, kipimo chenye jina la Mfaransa Fernand Widal, na kimekuwepo tangu mwaka 1896. Hebu nikuingize ndani uone kinavyofanyika. Damu yako inazungushwa kwenye mashine mpaka majimaji ya njano yajitenge juu. Tone la majimaji hayo linawekwa kwenye kigae cheupe, linaongezwa tone la dawa yenye vimelea vya taifodi vilivyokwisha kuuawa, vinakorogwa kwa kijiti, kisha kigae kinatikiswa taratibu kwa kama dakika moja. Mtu anainama kwenye mwanga kutazama kama kumetokea vipunjepunje. Vikitokea, mwili wako una kingamwili zinazovishika vimelea vile. Hiyo 1:80 maana yake majimaji yako yamezimuliwa mara 80 na bado vipunje vinaonekana.

Sasa angalia. Hapo hakuna aliyekiona kimelea hai cha taifodi. Kilichoonekana ni kingamwili, na kingamwili hubaki mwilini muda mrefu baada ya ugonjwa kupona. Zinaweza pia kuwa zimetokana na vimelea vingine vya jamii hiyo ya salmonela, hata na homa nyingine kabisa. Mtu aliyekulia kwenye mitaa ambayo maji si ya uhakika anaweza kutembea na 1:80 yake miaka nenda rudi akiwa mzima. Tena kuna jambo dogo la mle maabarani: kigae kikiachwa mpaka kikaanza kukauka pembeni kwa kuwa foleni ni ndefu, vipunje "vinaonekana" hata kama havikuwepo.

Ili Widali iwe na maana inayokaribia kuaminika, damu ichukuliwe mara mbili, ya pili siku 10 hadi 14 baada ya ya kwanza, na kiwango kiwe kimepanda mara nne au zaidi. Nani mtaani amewahi kukupima mara mbili namna hiyo? Kipimo chenyewe hasa ni kuotesha damu: inachukuliwa kabla hujameza antibayotiki yoyote, inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha vimelea, na inasubiriwa siku kadhaa kuona kitakachoota. Kinafanyika kwenye hospitali kubwa. Rafiki yako hajakosea kuhusu nyongo, wapo watu wachache wanaobeba vimelea humo bila kuumwa. Lakini hao hawatambuliwi kwa kigae, wanatambuliwa kwa kuotesha choo.

Njoo kwa hao wadudu wawili. Tunapohesabu wadudu wa malaria kwenye darubini, tunahesabu sambamba na seli nyeupe, mpaka seli nyeupe zifike 200. Wadudu wawili kwa seli 200 ni kama wadudu 80 kwenye mikrolita moja ya damu, tukichukua makadirio ya kawaida ya seli nyeupe 8,000. Wadudu wachache hivyo wapo, nimewaona kwa macho yangu, ila wanataka slaidi safi, rangi iliyochujwa na mtu asiye na haraka. Punje ya rangi hiyo, Giemsa, ambayo haikuchujwa, vumbi la kioo, hata chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), vyote humdanganya mtu aliyechoka. Mimi majibu ya "wadudu wawili" yanayotoka kila siku, kwa kila anayeingia, huwa siyaamini. Maabara ya namna hiyo inauza sindano.

Ukipata homa tena, nenda zahanati au kituo cha afya, ufanyiwe kipimo cha haraka cha malaria. Jua tu kwamba kipimo hicho kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya kupona, maana kinatafuta protini ya mdudu, nayo inachelewa kuisha kwenye damu. Kwa hiyo kama ulimaliza dawa mseto wiki mbili zilizopita, mwambie mtoa huduma akutazame kwenye darubini pia. Homa ikipita siku tatu nne bila sababu kujulikana, usikubali kuchomwa sindano kwa ajili ya 1:80. Omba upewe rufaa ukaoteshwe damu.

Sisemi taifodi haipo. Ipo na inaua: homa inayopanda siku hadi siku, tumbo kuuma, na ikiachwa utumbo unaweza kutoboka. Ndiyo maana inaniuma kuona sipro, ambayo ni antibayotiki, inamezwa kwa kila uchovu. Siku utakapoihitaji kweli, vimelea vitakuwa vimeshaizoea.

Na huo uchovu wenyewe? Mtu anayeamka saa 10 alfajiri, anashinda mlangoni mwa daladala juani, na anajinyima maji kwa kuwa hajui atajisaidia wapi, kichwa kitagonga tu. Kunywa maji. Pima presha, sukari, wingi wa damu na VVU mara moja uondoe shaka, na kama una kikohozi cha wiki mbili, toa makohozi.

*

*Shangazi shikamoo. Nina mimba ya miezi mitano, ni ya pili. Kliniki walinipima wingi wa damu wakasema 9.8. Nikaenda hospitali binafsi kupima picha nzima ya damu, karatasi imejaa L: Hb 9.8, MCV 71, MCH 22. Mama mkwe ananichemshia rozela kila siku na kunisagia bitiruti. Vidonge vya kliniki nimeacha, choo kilikuwa cheusi tii nikaogopa vinaniunguza ndani. Halafu nilisahau: nakula udongo, ule wa sokoni, nikikosa silali.*
*Mama wa mmoja, Kihonda, Morogoro*

Marahaba mama. Hicho ulichosahau ukakiweka mwisho, mimi ningekianza.

L maana yake namba iko chini ya kiwango cha kawaida, na hizo L tatu zinasema jambo moja. Hb ni kiasi cha hemoglobini, ile inayobeba hewa safi kutoka mapafuni. Kwa mjamzito mpaka ni 11, ingawa miezi ya katikati tunakubali hadi 10.5, kwa sababu maji ya damu huongezeka kuliko seli na namba inashuka yenyewe. Wewe una 9.8, kwa hiyo umepungukiwa kweli, ingawa hujafika pabaya. Chini ya 7 ndipo tunapokimbizana. MCV ni ukubwa wa seli nyekundu moja, kawaida kati ya 80 na 100. Yako 71: seli ni ndogo. MCH ni kiasi cha hemoglobini ndani ya kila seli, yako 22 wakati tunategemea 27 kwenda juu. Seli ndogo, zilizopauka, kwa mwanamke mwenye mimba ya pili: jambo la kwanza analoliwaza mtu wa maabara ni upungufu wa madini ya chuma.

Udongo unakuja hapo. Hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu huohuo wa madini ya chuma, halafu udongo wenyewe unashika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, na unaweza kukuletea mayai ya minyoo juu yake. Kwa hiyo unazunguka palepale. Sikugombezi, wanawake wengi wajawazito wanaula na wanauficha. Mwambie mkunga wako waziwazi. Ukianza kutumia dawa vizuri, wengi hamu hiyo huwaisha bila kupigana nayo.

Vidonge rudia leo. Choo kuwa cheusi ni yale madini ambayo mwili haukuyachukua, yanatoka, wala hakuna kinachoungua. (Choo cheusi cha kunata, chenye harufu kali, kwa mtu asiyekunywa vidonge hivyo, hicho ni kitu kingine na ni cha kukimbiza hospitali.) Kama vinakuletea kichefuchefu, meza usiku ukienda kulala, baada ya chakula kidogo. Meza na maji au chungwa, usimeze na chai wala maziwa. Na hapa nataka tusikilizane: ile chai ya rangi tunayoteremshia ugali ndiyo adui mkubwa wa damu nyumbani kwetu. Inazuia madini ya chuma ya mboga na maharage yasiingie mwilini. Chai inywe saa moja au mbili mbali na chakula na mbali na kidonge.

Kuhusu mama mkwe. Rangi nyekundu ya rozela na ya bitiruti haihusiani na wekundu wa damu hata kidogo. Bitiruti ni mboga nzuri kama mboga nyingine, madini yake ya chuma ni kidogo. Rozela nyingi kila siku kwa mjamzito siwezi kuipitisha, waulize kliniki. Mwombe mama kwa heshima nguvu zile azipeleke kwenye dagaa, maharage na matembele ya kukamulia ndimu, na nyama inapopatikana. Maini yana madini ya chuma kweli, lakini yasiwe ya kila siku wakati wa ujauzito, yana vitamini A nyingi mno.

Baada ya wiki nne hivi za kumeza bila kuruka, pima tena. Hb ikipanda kwa kama gramu moja, tuko njiani. Ikigoma na wewe unameza kweli, mwambie daktari atafute sababu nyingine: minyoo ya safura, selimundu (sikoseli), au thalasemia, ambayo kwa aina yake nyepesi wapo wengi Afrika Mashariki wanaoishi nayo bila kujua, na hiyo nayo hufanya seli kuwa ndogo.

*

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 26, Mombasa. Nimepata kazi Doha, nikapimwa afya. VVU sina, kifua kizuri, mkojo mzuri. Lakini picha ya damu imekuja na WBC 3.6 yenye L na neutrofili 1.3 yenye L. Hb 14.8, chembe sahani 231. Wakala asema huenda nikakataliwa. Nimetafuta kwenye mtandao nikaona saratani ya damu. Silali.*
*Msafiri, Mombasa*

Marahaba mwanangu, lala.

WBC ni seli nyeupe za damu, na neutrofili ni aina mojawapo ya seli hizo. Ile L imechapwa na mashine. Imelinganisha namba yako na mipaka iliyowekwa ndani yake, na mipaka hiyo mara nyingi ilitokana na damu za watu wa Ulaya. Watu wengi wenye asili ya Afrika hawana alama fulani juu ya seli nyekundu inayoitwa Duffy. Kukosa alama hiyo kumewakinga wahenga wetu na aina moja ya malaria, vivaksi, ambayo hutumia alama hiyo kama mlango wa kuingilia kwenye seli. Na haohao wasio na Duffy wana neutrofili chache zaidi zinazozunguka kwenye damu, tangu wanazaliwa, bila ugonjwa wowote na bila kuumwaumwa. Nimewahi kuziona karatasi za vijana wanaocheza mpira na kubeba zege zikiwa na neutrofili 1.2 mwaka hadi mwaka.

Ongeza na hili. Mipaka ya kawaida huwekwa kwa kuchukua watu wenye afya na kukata pembeni, wabaki 95 kati ya 100. Maana yake mtu mmoja kati ya 20 wenye afya kabisa anaangukia nje kwa kipimo chochote. Ukipima vitu 20 visivyohusiana kwa siku moja, uwezekano wa kupata angalau H (namba iliyozidi) au L moja ni kama asilimia 64. Karatasi ndefu isiyo na herufi hata moja ndiyo ya kushangaza.

Kinachonituliza kwako ni namba ambazo hukuziulizia: Hb 14.8 na chembe sahani 231. Saratani ya damu ikifika mara nyingi huvuruga zaidi ya sehemu moja. Rudia kipimo baada ya wiki mbili tatu, ukiwa huna mafua wala homa, na mwombe daktari damu yako itazamwe kwa darubini, si mashine peke yake. Zikirudi vilevile na seli zina umbo zuri, akuandikie barua kwamba hiyo ndiyo hali yako ya kawaida. Tafuta na karatasi zozote za zamani. Kama mwaka juzi ulikuwa na 1.4, hoja imekwisha, na wakala aonyeshwe.

Neutrofili zikiwa chini ya 0.5, au mtu ana homa, vidonda vya mdomoni na anakonda, hayo ni mengine. Huyo haandiki barua kwa Shangazi, anakwenda hospitali siku hiyohiyo.

*

*Shikamoo bibi. Mjomba yuko Marekani amemtumia bibi yangu mashine ya kupima sukari. Hospitali hapa Tabora aliambiwa 6.4 asubuhi kabla ya kula. Mashine ya mjomba ikasema 118! Tukapima tena jioni ikasema 243. Bibi ameanza kuaga watu.*
*Mjukuu, Tabora*

Marahaba mjukuu wangu, mwambieni bibi aache kuaga. Marekani wanapima sukari kwa miligramu, sisi kwa milimoli. Gawanya kwa 18: hiyo 118 ni kama 6.6, sawasawa na ile ya hospitali. Mashine nyingine zinabadilishwa kwenye mipangilio, nyingine hazibadiliki. Basi bandikeni karatasi juu yake: "gawanya kwa 18".

Ile 243 ni 13.5, na hiyo ingekuwa nzito. Ila nina swali: bibi alikuwa anakula nini kwa mkono? Tabora nyie na asali yenu, na maembe msimu ukifika. Sukari iliyobaki kidoleni inaingia kwenye tone la damu na namba inaruka. Aoshe mikono kwa maji na sabuni, akaushe vizuri, mpime tena.

Kabla ya kula asubuhi, 7.0 kwenda juu kwa vipimo viwili vya siku tofauti vilivyofanywa maabara ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 bibi yuko kwenye mpaka, na 6.4 yake ipo humohumo, kwa hiyo mazungumzo na daktari yapo. Mashine ya nyumbani ni ya kufuatilia. Kuthibitisha ugonjwa ni kazi ya maabara.

*

*Habari ya kazi Shangazi. Nina miaka 52, Dodoma, mwanamume. Kreatinini 128, H. Nimeambiwa figo zimeanza kufa. Natumia diklofenaki kwa ajili ya magoti, na dawa moja ya mizizi ya kusafisha figo niliyonunua kwenye basi.*
*Mzee wa magoti*

Nzuri, kaka yangu. Anza na hayo mawili ya mwisho: acha dawa ya kwenye basi leo, na diklofenaki usiimeze tena mpaka uongee na daktari. Dawa za jamii hiyo hupunguza damu inayoingia kwenye figo, na kwa mtu wa umri wetu anayezimeza kila siku ni jambo zito. Magoti yana njia nyingine.

Kreatinini ni taka ya misuli, na figo ndizo zinazoitoa. Mtu mwenye misuli mikubwa ana nyingi, kizee mkondefu ana chache, ndiyo maana namba peke yake inapotosha. Kwa umri wako na jinsia yako, 128 inatoa uchujaji wa figo wa karibu 58, wakati tunapenda 90 na zaidi, na mpaka wa wasiwasi ni 60. Lakini hata 58 haiitwi ugonjwa sugu wa figo mpaka idumu miezi mitatu. Siku ile inawezekana ulikuwa na kiu, au umetoka kula nyama choma ya kutosha, navyo vyote huipandisha.

Rudia kipimo ukiwa umekunywa maji, na uombe vitu vitatu pamoja: presha, sukari, na protini kwenye mkojo. Mkojo kutoa protini huniogopesha kuliko hiyo 128.

*

*Shangazi, mimi na mchumba wangu tupo Mwanza. Tumepima sikoseli kabla ya ndoa, sote wawili tumeambiwa "positivu". Tuko wazima. Padri anasubiri jibu letu.*
*Wachumba*

Mmepimwa kipimo cha kuchungulia tu. Tone la damu linanyimwa hewa kwa kemikali, kisha inatazamwa kama seli zinajikunja au kama majimaji yanakuwa na ukungu. Kinajibu "kuna hemoglobini S humu", basi. Hakitofautishi mwenye ugonjwa na mwenye kubeba nusu tu. Kwa kuwa nyinyi mko wazima hadi umri huu, yaelekea nyinyi ni wabebaji, AS. Nendeni hospitali ya rufaa mkafanyiwe elektroforesisi ya hemoglobini, mpewe karatasi yenye herufi: AA (hana), AS (mbebaji) au SS (mgonjwa).

Mkiwa AS wote, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 kuzaa mtoto mwenye selimundu, asilimia 50 mbebaji, asilimia 25 asiye na chochote. Ni kila mimba, msije mkadhani ukishampata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wamesalimika. Kanda ya Ziwa sikoseli ni nyingi, na mmefanya vizuri kupima kabla. Kuoana au kutooana ni lenu na la padri wenu. Mkioana, mtoto apimwe anapozaliwa, maana anayejulikana mapema anaanzishiwa kinga na dawa mapema, na watoto hao siku hizi wanakua.

*

*Shikamoo Shangazi. Mtoto wangu wa miaka sita, Tanga. Chembe sahani 41, L nyekundu. Hana homa, hatoki damu puani, anacheza. Wanataka tumpeleke Dar es Salaam usiku huu.*
*Baba, Tanga*

Barua yako imenifikia usiku huo umeshapita, natumaini yuko salama. Nawajibia wengine. Namba hiyo ikija kwa mtoto mwenye homa na vidoa vyekundu kwenye ngozi, nendeni, msisubiri: malaria na dengi huziangusha chembe sahani, na Dar es Salaam tuliiona dengi 2014 na tena 2019. Lakini mtoto anayecheza, kabla hamjapanda gari, mwombeni mtu wa maabara atazame damu kwenye darubini. Ile dawa ya kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau, inayozuia damu isigande, kwa watu wachache huzifanya chembe sahani zishikane makundi makundi, na mashine inalihesabu kundi zima kuwa kitu kimoja. Inachukuliwa damu nyingine kwenye chupa ya kifuniko cha buluu, na mara nyingine 41 inageuka kuwa ya kawaida kabisa. Hata kumchoma mtoto kwa tabu, damu ikatoka kidogokidogo ikaanza kuganda kwenye sindano, kunatosha kuiangusha namba.

*

*Shangazi, kuna watu walikuja kanisani kwetu na mashine. Unashika chuma mkononi kwa dakika moja, inatoa karatasi kurasa 40: damu chafu, ini lina mafuta, figo asilimia 46, uric asidi, homoni, kila kitu. Nimenunua virutubisho vya laki moja na nusu. Nimeze?*
*Mama Imani, Mbeya*

Usimeze. Hakuna tone la damu lililotoka mwilini mwako, kwa hiyo hakuna kilichopimwa kwenye damu yako. Kreatinini haitoki kupitia kiganja, wala uric asidi. Ukitaka kujiridhisha, siku wakirudi shika kile chuma mara mbili kwa majina mawili na umri tofauti, mmoja miaka 20 na mwingine 70, kisha uziweke karatasi mbili mezani mbele ya waumini.

Kama una risiti na makopo hayajafunguliwa, mdai aliyekuuzia kabla hajahamia kanisa jingine. Ukizipata hizo hela, zitakutosha kwa picha nzima ya damu, sukari na kreatinini hospitalini, na chenji ya nauli ikabaki.